Bethdei, Wasabi na Rafiki Aliyepotea Kwenye Hadithi

Kuna hadithi moja ya mtandaoni ambayo nimeisoma mara nyingi mpaka naweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho. Rafiki ana bethdei. Wenzake wanachanga, wanampeleka kwenye mgahawa wa Kijapani, Dar es Salaam au Nairobi. Menyu inaletwa, bei zinawatoa jasho. Vijiti vinawashinda. Mmoja anadhani wasabi ni parachichi, anaibwia yote, machozi yanamtoka. Wanalipa, wanatoka, halafu wanapitia chipsi mayai njiani. Mwisho.

Sina ugomvi na kicheko. Hapo kwenye parachichi huwa nacheka kila mara. Shida yangu ni ya msomaji: nikimaliza kusoma, sijui mwenye bethdei ni nani. Tumeambiwa bei ya supu, rangi ya samaki, hata umbo la kibakuli cha sosi. Aliyezaliwa ametajwa sentensi ya kwanza tu, kisha akafunikwa na wasabi.

Shida ya pili ni msingi wa kichekesho chenyewe. Ili tucheke, lazima tukubali kwamba kuna namna moja sahihi ya kula, na kwamba mshamba haijui. Mimi ni wa Maswa, mkoani Simiyu, na sisi Wasukuma kiti cha mshamba huwa tunawekewa kabla hatujafika. Sasa tuangalie huyo mshamba amekosea nini. Sushi tunayoijua zaidi, kipande cha samaki juu ya wali, ilienea mwanzoni mwa karne ya 19 huko Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Iliuzwa kwenye vibanda vya mtaani, na watu waliila kwa mkono. Mpaka leo kuila kwa vidole si kosa. Inaitwa nigiri, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kufumbata kwa kiganja. Yaani, jamani, ni tonge! Anayeogopa kuonekana anakula sushi kwa mkono anaona aibu mbele ya watu wasiomshangaa.

Na kabla ya nigiri, sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki: wanatiwa chumvi, wanafukiwa ndani ya wali, wanaachwa wachachuke. Pembeni ya ziwa Biwa bado wanatengeneza funazushi kwa samaki wa ziwa hilo. Mtu aliyekulia kwenye michembe, viazi vitamu vilivyokatwa, vikaanikwa na kuwekwa akiba ya miezi ya shida, hahitaji kuelezwa mantiki hiyo. Anaijua kutoka kwa bibi yake.

Kwa hiyo hadithi ya wasabi inakosa mambo mawili kwa mpigo: chakula na mtu. Wapo waandishi walioonyesha kwamba vyote viwili vinaingia kwenye sahani moja. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilikaa bila mchapishaji mpaka akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Wanaolalamika kwamba ni ndefu mno huwa wanalalamikia hasa mapishi, pombe na kupokea wageni. Lakini angalia kazi ya mambo hayo. Myombekere amenyang'anywa mke na wakwe kwa sababu hawajapata mtoto, na ili arudishiwe anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi. Kila hatua ya kuitengeneza ni hatua ya kumrudia Bugonoka. Ukiruka kurasa za pombe, umeruka mapenzi yao.

Banana Yoshimoto naye, katika riwaya fupi ya Kitchen ya mwaka 1988, anamwandika msichana anayekula katsudon usiku, wali wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga na yai. Anaikuta tamu mno, anaagiza nyingine, anapanda teksi nayo mpaka kwenye nyumba ya wageni alikolala rafiki yake aliyefiwa. Kuna maneno ambayo wawili hao wameshindwa kuambiana, na chakula ndicho kinachoyabeba.

Mwaka jana nilikaa kwenye meza ya namna hiyo Dar es Salaam. Rafiki yangu, mwalimu wa Maswa aliyekuja mjini kwa semina, alikuwa anatimiza miaka 34. Vijiti vilianguka, ndiyo, na wasabi ilituliza. Ila kilichonibakia ni alichosema tulipomwimbia. Alisema tarehe ile si yake. Aliandikiwa na mwalimu siku anaanza darasa la kwanza, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa ameiandika. Mama anakumbuka tu kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Maswa pamba huvunwa kuanzia Mei hivi, na tarehe ya kitambulisho ni ya Januari. "Mimi nakula keki ya mwalimu," akasema, akacheka peke yake. Kisha akauliza kama anaweza kufungiwa vipande viwili amwonjeshe mama. Mhudumu, kumbe naye ni wa kwetu, akamwambia kwa Kisukuma kwamba samaki mbichi hawezi kufika Maswa kwa basi. Akamfungia wali mtupu.

Ningeandika habari za wasabi, hayo yote yasingepata nafasi. Na kwa watu wa rika letu, ambao wazazi wao wanahesabu miaka kwa mvua na njaa, bethdei si jambo dogo la kupigia picha. Kuna mtu amekaa mezani akijaribu kuamini kwamba siku yake ipo.

Basi, kwa anayetaka kuandika usiku wa namna hiyo, nina kipimo kimoja. Futa neno sushi kila lilipo, weka ugali na dagaa. Kama hadithi imekufa, ulikuwa unaandika menyu. Kama rafiki yako bado amekaa pale, anaongea, anakataa kuongezewa chakula halafu anakubali, endelea kuandika. Bei ya supu tutaiuliza wenyewe.