Mwarobaini: Jina, Sifa na Hadhari

Miongoni mwa majina ya miti katika Kiswahili, ni machache yenye majivuno kama mwarobaini. Wengi hueleza kuwa mti huu umeitwa hivyo kwa sababu hutibu magonjwa arobaini. Maelezo hayo hurudiwa kila mahali, lakini ni nadra kumsikia mtu akiyataja magonjwa hayo moja baada ya jingine. Hatuna budi kulihakiki jina hili, kwa maana sifa isiyohojiwa yaweza kumdhuru mgonjwa.

Tuanze na lugha. Arobaini kwa Waswahili si hesabu tupu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na marehemu husomewa arobaini yake. Hapo idadi hiyo ni alama ya muda uliotimia. Wahenga nao waliposema siku za mwizi ni arobaini hawakukusudia tumvizie kwa kalenda. Walikusudia wingi wenye mwisho. Vivyo hivyo, jina la mwarobaini ni chuku. Ni sifa ya mti, wala si orodha ya maradhi.

Sifa hiyo haikutoka hewani. Asili ya mti huu ni Bara Hindi, nasi tuliupokea, tukaupa jina letu na kuupanda uani. Vijiti vyake hutumika kuwa miswaki, na majani yake makavu huwekwa katika nafaka ili kufukuza wadudu. Sayansi imeonyesha kwamba mbegu zake zina azadiraktini, kemikali inayozuia wadudu wengi wasile wala wasikue. Katika maabara, kemikali zake nyingine zimedhoofisha vimelea vya malaria. Lakini chupa ya maabara si mwili wa binadamu, na haijathibitishwa kwamba maji ya majani hayo humponya mgonjwa wa malaria. Mtoto mwenye homa akinyweshwa majani siku tatu badala ya kupelekwa zahanati akapimwe damu, malaria hupata nafasi ya kumpanda kichwani.

Tena, uchungu wa dawa si ushahidi wa usalama wake. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walitoa habari za watoto wadogo waliodhurika baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mti huu. Dalili za sumu hiyo ni kutapika, kusinzia na degedege. Majaribio juu ya wanyama yameonyesha pia kuwa mafuta hayo yaweza kuharibu mimba.

Wapo watakaosema kwamba kuhoji hivi ni kuudharau urithi wetu. Sivyo. Gome la mkwinini lilitibu homa Amerika ya Kusini kwa muda mrefu kabla Pelletier na Caventou hawajatenga kwinini mwaka 1820. Tangu hapo kipimo chake kikaweza kujulikana. Nasi mwaka 1974 tulianzisha pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hiyo ndiyo heshima anayostahili mganga wa jadi: ujuzi wake uchunguzwe, upimwe, uandikwe.

Basi mwalimu wa Kiswahili na amfundishe mwanafunzi uzuri wa jina hili, na mwalimu wa biolojia amfundishe mipaka yake. Mwanafunzi akikosa somo moja kati ya hayo mawili, hajaufahamu mwarobaini.