Inapinda wapi? Kuhukumu bapa ya theluji ya kujitengenezea

Kila mwaka baridi ikianza, wenzetu wenye wanaishi Quebec, Maine na pande zingine za kaskazini ya Amerika wanatutumia picha za theluji. Kati ya ile picha kuko moja yenye inapendeza sana wanafunzi wa politekniki: trakta ndogo, mbele yake bapa kubwa ya chuma ya kusukuma theluji, na mwenyewe anasimama pembeni, anajisifu kwamba hakununua, ameitengeneza kwa mikono yake. Siye wote tunapiga makofi. Hakuna mwenye anauliza kama ile kazi ni nzuri kweli. Leo tuulize.

Hukumu yangu naiweka wazi tokea mwanzo: nyingi ya bapa hizi zimesudewa vizuri, lakini zimefikiriwa nusu. Wenye kuzitengeneza wanajua kuongeza nguvu ya chuma. Hawajaamua nguvu ikizidi, chombo kikubali wapi. Na ile njo sehemu yenye inapambanua fundi na mtu wa kuunganisha vyuma tu.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Huku tunazungumzia trakta za nguvu ya farasi 20 mpaka 40, zile za kukata majani wakati wa joto. Barabara kubwa, serikali ao mji unaisafisha. Njia ya kutoka barabarani mpaka mlangoni, ile ni mzigo wa mwenye nyumba, na pande za mashamba inaweza kufika metre 50, hata 100. Bapa ya dukani inaweza kupita dola elfu moja. Basi mtu mwenye posti ya kusude na vyuma vya zamani nyuma ya nyumba anasema: hapana, nitajitengenezea.

Theluji yenyewe isitudanganye na weupe wake. Ile mupya na nyepesi inaweza kuwa na kilo 50 mpaka 100 kwa metre kibe moja. Ile yenye imelowa ao yenye upepo umeigandamiza inaweza kupita kilo 300. Chukua metre 10 za njia, upana metre 1.8, kina sentimetre 30: ile ni metre kibe 5.4. Ikiwa ya kilo 100, una kilo 540 mbele yako. Ikiwa ya kilo 300, una kilo 1,620. Kwa macho, njia ni ileile. Ni kweli yote haibaki mbele ya bapa, mingi inamwangika pembeni, lakini mtu asikuambie kwamba theluji ni kitu laini.

Sasa tuwape haki yao. Kitu moja hawa watu wanakifanya vizuri sana ni umbo. Bapa iliyonyooka inapandisha theluji mpaka inapita juu na kurudi nyuma. Bapa iliyopinda inaizungusha, inaipeleka mbele na pembeni. Kupinda tole ya milimetre 6 kunahitaji mashini ya kiwanda. Wao wanafanya nini? Wanatafuta tiyo kubwa ya zamani ao tanki iliyokwisha kazi, wanakata kipande cha mzingo, na umbo limepatikana bila mashini. Ile ni akili, na mwalimu yeyote wa mekaniki angeipa pointi. Ila mtu mwenye anafundisha wengine kukata tanki ya gazi ao ya mafuta bila kusema kwamba mvuke wenye umebaki ndani unaweza kulipuka, yule apewe sifuri, hata kama bapa yake inang'aa. Wenye wanamfuata ni watu wa kweli, na moto wa kukatia chuma hauna huruma.

Tatizo linaanza kisha hapo. Ukisikiliza namna wanavyosifu kazi zao, neno ni moja: unene. Huyu ameweka tole ya milimetre 6, yule 10, mwingine ameongeza mbavu nyuma sawa vile anajenga daraja. Kwao kitu kinene ni kitu kizuri. Tufanye hesabu ndogo ya fizikia ya sekondari.

Trakta, shofere, bapa na uzito wenye wanaweka nyuma, tuseme kilo 1,000. Mwendo kilometre 10 kwa saa, ni kusema metre 2.8 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu joule 3,900. Chini ya theluji kuko ukingo wa sima ao jiwe lenye limeshikwa na barafu. Bapa inaligonga. Kama kila kitu ni kigumu na trakta inasimama ndani ya sentimetre 2, nguvu ya wastani ni karibu newton 195,000, sawa na uzito wa tani 20. Kama bapa iko na resori zenye zinaiacha ikunje, na trakta inasimama ndani ya sentimetre 20, nguvu inakuwa newton 19,500, karibu tani 2. Kwenye maisha ya kweli mapine yanateleza, vyuma vinacheza kidogo, na hesabu inapungua. Lakini fungu linabaki: umbali wa kusimamia ukiongezwa mara kumi, nguvu inagawanywa kwa kumi.

Angalia basi unene unafanya nini hapo. Kutoka milimetre 6 kwenda 10 hakupunguzi ile nguvu hata kidogo. Kunaisukuma tu iende kutafuta sehemu ingine yenye kulegea: pini, mikono ya mbele ya trakta, fremu, mwisho kifua cha shofere kwenye usukani. Mwenye bapa atashangilia kwamba bapa yake haikuguswa, na kumbe amepinda mikono ya trakta yenye bei inapita ile ya bapa mara nyingi.

Kwa jicho hilo, kazi hizi zinagawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni bapa yenye inafungwa kwenye godeti ya mbele kwa cheni na vibanio. Ni rahisi, inatoka haraka, na kwa theluji ya mara mojamoja inafaa. Lakini godeti iko mbali mbele, na bapa inaongeza umbali tena. Ikigonga kitu kwa kona yake, mikono inazungushwa. Ile mikono ilitengenezwa kwa kunyanyua mzigo, haikutengenezwa kwa kusukumwa kwa kona moja. Na mdomo wa godeti unabeba mapigo yenye haukuumbwa kubeba.

Fungu la pili njo lenye kupigiwa makofi mingi: kipande cha tanki, mbavu, rangi nzuri, imefungwa moja kwa moja pahali godeti inatokaga. Hakuna resori, hakuna bawaba. Kwa macho ni bora kuliko zote. Kwangu njo ya mwisho, juu kazi yote imeenda kwenye bapa, na hakuna hata saa moja yenye imeenda kwenye swali la kugonga.

Fungu la tatu halina uzuri: mtu ananunua bapa ya zamani ya pikapu, yenye kutu, anaikata, anatengeneza fremu mupya ya kuifunga kwenye trakta. Hapa anarithi akili ya wengine. Bapa za pikapu ziko na resori nyuma: ikigonga, juu inaangukia mbele, chini inarudi nyuma, inapita juu ya jiwe, kisha resori zinairudisha. Zile za Fisher, ya kule Rockland, Maine, zinajulikana kwa njia ingine: ukingo wa chini peke yake njo unakunja, bapa inabaki imesimama na theluji haimwangiki. Njia zote mbili zinajibu swali. Ubaya wa fungu hili ni uzito: bapa ya pikapu inaweza kupita kilo 200, na ekseli ya mbele ya trakta ndogo inalia. Wenye akili wanapunguza upana mbele ya kusude kitu kingine. Hata hivyo naliweka fungu hili namba moja.

Bapa nzuri inapashwa kukubali pande tatu.

Mbele, kwa resori ao kwa ukingo wenye kukunja, vile tumeona.

Juu na chini, ili ifuate ardhi. Njia haiko meza. Valvu ya mikono ya mbele iwe na nafasi ya kuelea, ao bapa ininginie kwa cheni yenye imelegea kidogo. Bila hiyo, shofere anasukuma bapa chini, magurudumu ya mbele yananyanyuka, usukani haushiki tena. Kwa njia ya mawe madogo unaweka viatu vya chuma vya kuacha nafasi ya sentimetre 2 hivi, ao unapasua tiyo kwa urefu na kuivika kwenye ukingo, ili bapa iteleze juu ya mawe pahali pa kuyachimba. Hii ya tiyo ni ya wenyeji wenyewe, bei ya bure, na naisifu bila masharti.

Pembeni, juu bapa inageuzwa ili theluji iende upande moja. Hapa kuko hesabu yenye wengi wanaisahau: bapa ya metre 1.8 ikigeuzwa digri 30, upana wenye inasafisha unabaki metre 1.56. Kama trakta na cheni za mapine ina metre 1.6, unakanyaga theluji yenye umekuja kuondoa. Na ikigeuzwa, kona yake njo inagonga ya kwanza. Kama inageuzwa kwa verini za mafuta, kuwe na valvu ya kupunguza presha, ili mafuta yapite upande mwingine na bapa igeuke. Kama inashikwa kwa pini, weka buloni ya kukatika: laini kuliko vingine vyote, ya bei ndogo, na ingine tatu mfukoni.

Watu wa agronomia hapa wanacheka, juu ile buloni wanaijua. Jembe za trakta ziko nayo tokea zamani: ikikutana na kisiki ao mwamba, buloni inakatika na jembe linapona. Kumbe sheria ni moja kwa udongo na kwa theluji.

Nitasikia mtu anajibu: njia yangu naijua, hakuna jiwe. Lakini baridi kali inanyanyua ardhi na mawe ndani yake. Njia ya mwezi wa kumi haiko njia ya mwezi wa pili, na yote imefunikwa.

Kuko jibu lingine lenye uzito zaidi: ninaenda polepole. Hapo nakubali, juu hesabu inakubali pia. Nishati inafuata mwendo mara mwendo. Kutoka kilometre 10 kwa saa kushuka 3, nishati inagawanywa karibu kwa 11. Ni kusema, polepole inashinda resori. Mtu mwenye bapa ngumu na mguu mwepesi anaweza kumaliza miaka bila kuvunja kitu. Lakini basi aseme hivyo! Aandike pale juu ya bapa: kilometre 3, si zaidi. Mara mingi hasemi. Anaonyesha namna ya kukata na kusude, kisha kijana mwingine anaifuata na kuipeleka mbio, juu theluji nzito inahitaji mwendo ili izunguke. Na usiku wa saa kumi na moja, mtu mwenye anachelewa kazi hakumbuki polepole.

Juu ya nini tunaongea hii kwa wahitimu wa Kongo, wenye wengi wao hawatasukuma theluji hata siku moja? Juu TFE zetu zinagonjwa ugonjwa uleule. Mwanafunzi anakuja mbele ya juri na mashini ya kusaga ao ya kukamua mawese, anataja unene wa tole, nguvu ya motere, bei. Juri inauliza kama inafanya kazi. Inafanya, wanapiga makofi, distinction. Hakuna mwenye anauliza: jiwe likiingia pamoja na mahindi, kinavunjika nini cha kwanza? Mkanda unateleza? Buloni inakatika? Ao ni mkono wa mama mwenye anasaga?

Mashini yote siku moja itapata mzigo kupita ule ulioandikwa. Siku ile, kitu kimoja kitakubali. Mtengenezaji akikichagua mapema, kitakuwa buloni ya franka kidogo. Asipochagua, mashini itamchagulia, na mara mingi inachagua kitu cha bei kali ao mwili wa mtu.

Kwa hiyo wenzetu wa kaskazini wakituma tena picha za mwaka huu, tusiwanyime makofi: kutengeneza chombo cha kazi kwa vyuma vya kutupwa ni heshima. Lakini kisha makofi tuwaulize maswali matatu. Ikigonga mbele, inakunja wapi? Ikigonga kwa kona, kinakatika nini? Ardhi ikipanda, bapa inafanya nini? Na wewe wa politekniki mwenye unatayarisha TFE yako sasa, chukua karatasi ya mashini yako na uweke alama nyekundu pale umeamua ivunjike. Kama hupati pa kuweka alama, rudi kwenye meza ya kuchora mbele juri haijakuita.