Siti binti Saad na Dakika Tatu za Sahani

Mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, kutoka Tarime au Mugumu hana haraka. Kwanza anazikaza nyuzi zake nane hadi zikubaliane, kisha anapiga bila kuimba, anawaamkia wenye mji, anawataja wageni na koo zao, ndipo habari yenyewe ianze. Muda unapita na hakuna anayelalamika. Wimbo huohuo ukipelekwa studio ili usikilizwe kwenye simu, anapewa dakika tatu au nne. Hapo ndipo nyimbo nyingi nzuri za Kikurya zinapoharibikia: unabaki utangulizi na habari inakatwa, au kinanda kinawekwa juu ya litungu mpaka litungu lenyewe halisikiki.

Swali la nini kikatwe na nini kibaki lilimkabili Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mwaka 1928, alipokwenda Bombay na wenzake kurekodi kwa kampuni ya HMV. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti kwenye sahani ya santuri. Sifa zake husimuliwa zaidi kama sifa za koo. Mimi naona nusu ya kazi ilikuwa ya kupanga, na mpangilio huo unafundishika.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini. Alijifunza kusoma Kurani kwa makhraji na kwa pumzi ndefu, na nadhani hiyo ndiyo shule iliyomfaa zaidi mbele ya maikrofoni. Msomaji wa Kurani hamezi herufi wala hakati neno katikati kwa kuishiwa pumzi.

Sahani ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Hapakuwa na kurudi nyuma kurekebisha mstari mmoja: mtu akikosea, nta ile imeharibika, wote wanaanza upya. Sasa fikiria taarabu ya kikaoni. Inafunguliwa kwa ala peke yake, udi unazunguka, ubeti unarudiwa kila anapoinuka mtu kutunza. Bombay hapakuwa na mtunzaji. Kwa hiyo ufunguzi ukafupishwa, marudio yakapunguzwa, na sauti ya mwimbaji ikaingia mapema. Kilichobaki bila kuguswa ni umbo la shairi: vina, mizani na kibwagizo. Ukisikiliza sahani zilizosalia utaona fidla ikimfuata Siti karibu neno kwa neno na kujaza pale anapopumua, hivyo hakuna sekunde inayolala.

Kisha kuna suala la uzito wa sauti. Mashine zile zilishika vizuri sauti za katikati na za juu, lakini besi zilipungua sana, na mtikisiko mkubwa wa ngoma ungeweza kuirusha sindano nje ya mfereji wake. Wala hapakuwa na mitambo ya kuchanganya sauti kama ya leo. Uwiano ulipatikana kwa kumsogeza mtu: mwimbaji karibu, mpiga ngoma mbali. Subeti Ambar, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaabani, wenzake wa kikundi, walijua kucheza chini ya sauti yake bila kupotea. Na Siti mwenyewe aliimba juu, sauti ikipitia puani kidogo, nyembamba na yenye makali. Masikio ya leo huiona kavu. Kwenye pembe ya gramafoni ndiyo iliyopenya.

Spika ya simu ina udhaifu uleule. Nyuzi nene za litungu, zile zinazonguruma hadi kifuani ukiwa umekaa karibu na mpigaji, hazitoki humo. Fundi wa studio akiona hivyo huongeza besi ya kompyuta, na ndiyo inayomeza ala. Afadhali nyuzi nyembamba zipewe kazi zaidi katika wimbo wa kurekodiwa, na mngurumo uachiwe sherehe, mahali pake.

Lakini jambo ambalo Siti hakulikata ndilo lililouza. Taarabu ya ikulu ya Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba zaidi kwa Kiswahili, tena kuhusu mambo yaliyokuwa midomoni mwa watu wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Unguja. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam, akauawa Unguja baada ya ngoma. Muuaji, Kijiti mwenyewe, alivukia bara, na waliobeba lawama mahakamani ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Katika dakika hizo chache zimo majina, kosa na hukumu, na msikilizaji anajua mwimbaji amesimama upande gani. Kufikia 1931 hesabu ya sahani za Kiswahili zilizouzwa inatajwa kuwa 72,000, na kampuni nyingine zilikuwa zimeshaingia sokoni kushindana na HMV.

Waimbaji wa litungu wanayo mali hiyohiyo: wanataja watu kwa majina, wanasimulia ng'ombe walioibwa, ndoa zilizovunjika, na vijana waliozikwa Nyamongo, penye machimbo ya dhahabu. Studio zinawaomba waziache habari hizo waimbe mapenzi ya jumla, eti wimbo ufike mbali. "Kijiti" ulifika mbali ukiwa na jina la mtu. Kwa hiyo mpangilio ningeujaribu hivi: sekunde ishirini za nyuzi nyembamba peke yake, salamu kwa mji mmoja tu, kisha habari yenyewe kwa beti nne au tano, kibwagizo kifupi kati yake, kinanda kisiwepo kabisa, na mwimbaji akae shibiri mbili kutoka kwenye maikrofoni, ala akiishika kama alivyozoea.