Uvimbe Usio Saratani: Hamatoma na Ndugu Zake

Hamatoma ni uvimbe wenye tishu zilezile za kiungo ulimoota, ila zimechanganyika ovyo na kwa viwango visivyo vya kawaida. Jina hilo lilitolewa mwaka 1904 na mwanapatholojia wa Ujerumani, Eugen Albrecht, aliyeuona uvimbe wa aina hii kuwa kasoro ya maumbile zaidi kuliko ugonjwa unaovamia. Tishu ya kawaida ikiota mahali pasipo pake, kama kipande cha kongosho ndani ya ukuta wa tumbo, huitwa koristoma.

Mfano unaojulikana zaidi ni hamatoma ya mapafu. Ndani yake mna gegedu, mafuta na misuli laini, na katika picha ya eksirei chokaa yake wakati mwingine huonekana kama punje za bisi. Cha ajabu, seli zake mara nyingi hukutwa na mabadiliko ya kromosomu yanayorudiarudia, hivyo wanapatholojia wengi sasa huihesabu kuwa uvimbe halisi usio saratani. Jina la zamani limebaki.

Kutokuwa saratani si kutokuwa na madhara. Ugonjwa aliouelezea daktari Bourneville huko Paris mwaka 1880 huotesha hamatoma kwenye ubongo, ngozi, moyo na figo. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni TSC1 au TSC2, ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisikue kupita kiasi. Uvimbe wake wa figo una mishipa dhaifu ya damu. Ukiwa mkubwa unaweza kupasuka na kumwaga damu nyingi hadi mgonjwa afe. Dawa ya everolimasi huupunguza kwa kufanya kazi ya jeni iliyoharibika.

Katika hospitali za vijijini kama zile za Tunda na kwingineko mkoani Maniema, Kongo, vinundu vingi vya chini ya ngozi havitokani na hamatoma. Hutokana na mafuta, na makovu yaliyovimba, na usubi unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Kinundu cha usubi ni kigumu, hakiumi, na hukaa juu ya mfupa wa nyonga au mbavu. Kikipasuliwa, huonekana nyuzi nyeupe zilizojisokota: ni minyoo majike, kila mmoja akiweza kufika sentimita 50, wamezingirwa na tishu ngumu ya mgonjwa mwenyewe. Mnyoo mmoja huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Dawa ya Mectizan inayogawiwa vijijini huua watoto wa minyoo walioenea kwenye ngozi, ila haiwaui majike. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza dawa miaka mingi na kinundu kikabaki palepale, jambo ambalo wagonjwa wengi hulichukulia, kimakosa, kuwa dawa imeshindwa.

Katika kutambua aina ya uvimbe, vidole vya daktari huanza kazi: uvimbe unasogea au umeshikamana? Ultrasaundi huonyesha kama ndani mna maji, mafuta au nyama. Ila jibu la mwisho hutoka kwenye darubini, na hapo mengi huharibika kabla sampuli haijaondoka. Kipande kisipondwe kwa koleo. Kikatwe chembamba ili dawa ipenye, kisha kizamishwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe. Hivyo kinaweza kuvumilia safari ndefu kwenda mjini Kindu na mbali zaidi.

Si kila uvimbe unaoruhusu kusubiri safari hiyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya kwa watoto ambayo baadaye ilipewa jina lake. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na kemotherapi ya mapema huwaponya watoto wengi. Mtoto mwenye taya lililovimba apelekwe hospitali siku hiyohiyo.