Uso wa shangazi mbele ya dirisha

Shangazi yangu ni mweusi tititi. Jumapili moja, saa nne asubuhi, nilimketisha kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwake Temeke, amejifunga kanga nyeupe, na nyuma yake dirisha liko wazi. Nilikuwa na simu tatu mkononi: yangu, ya mwanawe, na ya jirani, ambayo bei yake ingenunua kama nne za kwangu. Nikampiga picha kwa kila moja nikiwa nimesimama pale pale, bila kugusa mpangilio wowote.

Simu ya kwanza ilitoa dirisha safi kabisa. Majani ya mwembe ulioko nje ungeweza kuyahesabu, ila shangazi mwenyewe alikuwa kivuli kilichovaa kanga. Ya pili ilionyesha uso, lakini umepauka, rangi imeelekea kijivu, na mikunjo ya kando ya macho imefutwa yote. Ya tatu ilimtoa mweusi kama alivyo, mng'ao wa mafuta ukionekana kwenye paji la uso na kovu lake dogo juu ya nyusi likiwa mahali pake. Shangazi alizitazama zote kwa zamu. Alipofika ya pili akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu dukani Kariakoo hakuna anayeliuliza. Muuzaji atakutajia megapikseli 48, 50, 108, na mnunuzi atalinganisha namba hizo kama anayelinganisha kilo za mchele. Kati ya simu zile tatu, iliyotoa kivuli ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote. Megapikseli zinahesabu vitone vya picha. Kamera iliamua kuingiza mwanga kiasi gani, na iliupima kutoka wapi, hilo hazikuambii.

Na kupima ndiko kulikobeba kisa chote. Kamera haijui inachokitazama, kwa hiyo tangu zamani imefundishwa kudhani kwamba ukichanganya weusi na weupe wote ulio mbele yake, wastani wake ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ikiona mwanga mwingi kuliko hapo, inaupunguza. Sasa rudi sebuleni: dirisha ni jua tupu, ukuta ni mweupe, kanga nyeupe. Kamera inaona weupe umezidi, inabana mwanga mpaka wastani utulie, na kitu pekee ambacho hakikuwa na mwanga wa ziada wa kupoteza ni uso wa shangazi. Mtu mweupe akikaa hapo naye ataingia giza, lakini ngozi yake inarudisha mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo anabakiwa na sura. Mweusi anafutika.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Maabara za kusafisha filamu zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, kutokana na jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo, mwanamke mweupe. Rangi ikikaa vizuri kwenye uso wake, mashine ilihesabiwa iko sawa kwa dunia nzima. Na Kodak ilipokuja kuboresha filamu zake ili zione vizuri rangi za kahawia na nyeusi, malalamiko yaliyoisukuma, kwa mujibu wa watu wake wenyewe, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka, nikifikiria albamu za familia zetu zenye babu wasio na macho.

Kamera za kidijitali zilileta njia mpya: itafute sura kwanza, kisha upime mwanga kutoka kwenye sura hiyo. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walionyesha namna ya kuitafuta haraka sana, kwa kulinganisha sehemu zenye giza na zenye mwanga, mfano eneo la macho dhidi ya mashavu yaliyo chini yake. Lakini kwenye ngozi nyeusi, tena ndani ya nyumba yenye taa moja, tofauti hiyo ni ndogo. Kamera isipoiona sura haina cha kupima, na inarudi kule kule kwenye ukuta na dirisha.

Hapo ndipo Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, itel na Infinix, ilipopata mwanya. Wahandisi wake walizipa kamera alama za kushika: macho na meno, vitu vinavyobaki vyeupe hata taa ikiwa hafifu. Kamera ikishavipata inajua sura iko wapi, halafu inaongeza mwanga kwa ajili yake. Ni kazi ya programu zaidi kuliko ya lenzi, ndiyo maana iliwezekana kwenye simu ya bei ya chini. Naiheshimu sana kazi hiyo. Kuna aliyekaa chini akafikiria sura zetu tangu mwanzo, badala ya kuzikumbuka baada ya kulalamikiwa.

Hata hivyo, kuongeza mwanga ni nusu ya safari. Ukiinua giza kwa nguvu, chembechembe zilizojificha humo nazo zinapanda, uso unatoka na vumbi. Ili kuziondoa, programu inalainisha, na ikilainisha haichagui: chembe inaondoka, na mkunjo na kovu vinaondoka pia. Na kama umewashwa pia ule mpangilio wa urembo unaong'arisha ngozi, unapata mgeni aliyekaa kwenye kiti cha shangazi. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko kivuli. Kivuli kinajulikana kuwa kimekosewa. Uso uliopaushwa watu wanausifu kuwa umependeza.

Oktoba 2021 Google ilipotoa Pixel 6, ilileta kazi iliyoiita Real Tone. Iliongeza picha za watu weusi kwenye mafunzo ya kamera na kuwaita wapiga picha wanaoijua ngozi hiyo waikosoe. Ikarekebisha upimaji wa mwanga, usawa wa rangi ili weusi usigeuke kijivu, na ule mwanga wa pembeni unaoingia kwenye lenzi na kuutia uso ukungu. Mwanga wa pembeni ndio unaonigusa zaidi, maana dirisha la shangazi hufanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo nikienda kununua simu namwomba muuzaji, au yeyote mweusi aliye karibu, asimame mlangoni na barabara nyuma yake. Napiga mara moja, kisha navuta picha mpaka kwenye shavu nione kama ngozi bado ni ngozi au imekuwa plastiki. Narudia ndani, chini ya taa.

Na simu ya zamani haijafa. Nilirudi sebuleni na ile iliyotoa kivuli, nikagusa uso wa shangazi kwenye kioo na kuushikilia mpaka kipimo kikafungwa pale, kisha nikasukuma alama ya jua juu kidogo. Dirisha likawa jeupe tupu, mwembe ukapotea wote. Shangazi akatokea, na kovu lake, na mikunjo yake. Akasema hiyo ndiyo ikachapishwe.