Shauri Lisilofunguliwa: Mahakama katika Riwaya za Kuhamishwa Vijijini, Zikisomwa kutoka Kasulu na Kibondo

Neno shauri lina maana ya ushauri, ya jambo linalojadiliwa na watu waliokaa pamoja, na ya kesi iliyo mbele ya hakimu. Katika riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi zinazohusu siasa ya ujamaa, yaani Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), maana ya pili imejaa uhai: amri ya serikali inajadiliwa, inatiliwa shaka, inatetewa na kubezwa. Maana ya tatu haina nafasi kwa mtu anayeamriwa. Tahakiki hii inadai kwamba pengo hilo ni sehemu ya maana ya riwaya hizi, na kwamba uhakiki wetu umelirithi bila kulihoji.

Tuanze na Tumaini. Shujaa huyu wa Dunia Uwanja wa Fujo, baada ya ujana wa kutangatanga, anajenga mali na kumiliki shamba. Siasa mpya inapolifikia shamba hilo, anamuua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kukumbushwa tukio la Isimani la tarehe 25 Desemba 1971, ambapo Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na mkulima. Uhakiki wa Kimarx uliotamba katika miaka ya 1970 na 1980 ulimsoma Tumaini kama mwakilishi wa tabaka linalokufa. Usomaji huo una nguvu yake, lakini unapita haraka juu ya jambo moja la kimuundo: dola inapomfuata Tumaini, mahakama haipo, Tumaini anapoua, mahakama ipo. Sheria inaingia katika hadithi kama adhabu tu. Kabla ya bunduki hakuna hata sentensi ya kuuliza kama shamba lingeweza kutetewa kwa njia nyingine.

Gamba la Nyoka inapanua picha kutoka kwa mtu mmoja hadi kijiji kizima. Wakazi wa Kisole wanakataa kuhamishwa, na kukataa kwao kunavunjwa kwa nguvu. Kejeli ya Kezilahabi hapa ni kali kuliko katika riwaya ya kwanza, kwa sababu inawagusa wote: wasomi wenye nadharia, viongozi wenye haraka, na wanakijiji wenyewe. Hata hivyo uwanja wa mapambano haubadiliki. Ni mwili dhidi ya mwili, na mwenye silaha nyingi ndiye anayeshinda.

Mtu anayezisoma riwaya hizi akiwa Kasulu au Kibondo anazisoma kwa jicho lenye kumbukumbu. Operesheni Kigoma ilifanyika mwaka 1972, kabla ya tamko la Novemba 1973 lililofanya kuishi vijijini kuwa amri kwa nchi nzima. Katika nyanda za juu za Buha, makazi ya asili yalikuwa ya kutawanyika: kaya juu ya miinuko, kila moja na migomba yake. Ardhi ilikuwa na wenye kuisimamia hata kimatambiko, wateko, ambao nafasi yao ilikuwa ya kale kuliko enzi ya mamwami wa Heru, Muhambwe na Buyungu. Kumhamisha Muha kutoka mlimani hadi kandokando ya barabara kulimwondoa katika mpangilio huo wote. Kilichobaki nyuma kiliitwa mahame. Neno hili ni la lazima kwa mhakiki, maana riwaya za Kezilahabi zinaangalia zaidi kijiji kinachojengwa. Mahame yanaachwa kimya.

Haki inadai tuseme kwamba mwandishi hakuwa na mahakama ya kuandika. Katiba ya 1977 ilianza bila hati ya haki za binadamu. Hati hiyo iliingizwa kwa marekebisho ya 1984, na ikaanza kutumika mahakamani Machi 1988. Zaidi ya hayo, kuishtaki serikali kulihitaji ridhaa ya serikali yenyewe, sharti ambalo Mahakama ya Rufani ililibatilisha mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Mkulima wa 1972 aliyetaka kulalamika kwa amani alikuwa na mlango uliofungwa kwa ndani na yule anayemlalamikia. Kwa hiyo ukimya wa riwaya ni ukweli wa kihistoria. Kosa ni la wahakiki waliouchukua ukweli wa miaka ile kama tabia ya kudumu ya mkulima: kwamba mbele ya dola ana uchaguzi wa panga au kunyamaza.

Historia iliyofuata inakanusha. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba huko Mbulumbulu, walipoteza ardhi yao katika Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 walifungua kesi Arusha, wakashinda. Rufaa ikiwa bado, Bunge likatunga sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikanyima fidia, na ikazuia mashauri ya aina hiyo yasiendelee. Baba na mwana hawakuchukua silaha. Walirudi mahakamani kuishtaki sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba raia hawezi kufungiwa mlango wa mahakama.

Hukumu hiyo inastahili kusomwa kama matini, si kama nukuu ya wanasheria tu. Kiini chake ni taswira. Nyalali anaonyesha kwamba hoja ya serikali ikikubaliwa, wakazi wengi wa Tanzania Bara watakuwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Kwa taswira moja anamtoa mkulima pembezoni na kumweka katikati ya taifa. Kwa maoni yangu, hakuna ukurasa katika riwaya zote mbili unaomheshimu mkulima kwa kiasi hicho, na nasema hivyo nikimhesabu Kezilahabi kuwa mwandishi wetu mkubwa wa nathari.

Lakini taswira hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mkazi wa Kasulu aliyezoea Mahakama ya Mwanzo, ambako husema na husikilizwa kwa Kiswahili, aliweza kusoma kushindwa kwa Kisole kwa lugha yake. Kushinda kwa Akonaay hakuweza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mara tu baada ya Jaji Zephrine Galeba kuandika hukumu kwa Kiswahili huko Musoma, yamefungua njia kwa hukumu zijazo. Hayakuitafsiri ya 1994. Hivyo fasihi ya Kiswahili ya kupinga kwa amani bado ina kitabu chake kikuu katika lugha nyingine, na mhakiki anayetafuta mada ya tasnifu hahitaji kwenda mbali.

Wala ushindi haukubaki kama ulivyotolewa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kufuta haki zilizotangulia. Operesheni ya 1972 imo ndani ya tarehe hizo. Sheria hii, tofauti na hukumu, ilipata tafsiri ya Kiswahili. Mzee wa Kibondo anayetaka kuyadai mahame ya baba yake anaweza leo kusoma, kwa lugha anayoielewa vizuri, maneno yanayomwambia kwamba dai lake limekwisha, huku maneno yaliyowahi kuiita haki ya aina hiyo mali yakibaki katika lugha ambayo shauri lake halikuwahi kuzungumzwa.