Jinsi Corot alivyochora chemchemi kwa kivuli

Mwambie mchoraji akuchoree chemchemi ya bustani, na mara nyingi atakimbilia maji: yaruke, yamwagike, yametemete. Camille Corot hakufuata njia hiyo. Katika mchoro wake wa 1826–1827 wa chemchemi iliyo mbele ya Villa Medici, Roma, makao ya Chuo cha Ufaransa, beseni la jiwe limekaa kivulini chini ya mialoni. Nyuma yake mji umetandazwa juani, na kuba la Mtakatifu Petro linaonekana kwa mbali. Maji yenyewe si mengi.

Chemchemi hiyo ina visa vyake. Husimuliwa kwamba tufe lililo katikati ni risasi ya mzinga aliyoifyatua Malkia Christina wa Sweden kutoka ng'ambo ya mto. Kisa kitamu, ila mchoraji hakukihitaji. Alichohitaji ni umbo la duara lililo gizani, lisimame baina ya jicho la mtazamaji na anga.

Ufundi wote umo hapo. Beseni na miti vimewekwa rangi nzito za kahawia na kijani iliyokolea, bila kuchora kila jani wala kila ufa wa jiwe. Nyumba za mji ni vipande bapa vya rangi ya mchanga na waridi iliyofifia, vingine vimewekwa kwa pigo moja la brashi. Ukikitazama kipande kimoja peke yake, hakina mwanga wowote; ni rangi iliyochanganywa na nyeupe nyingi, imepooza. Kiweke kando ya giza la beseni, kinawaka. Uso wa maji nao umetulia, unarudisha weupe wa anga katikati ya kivuli, na kwa hiyo macho yanapata pa kupita kutoka karibu kwenda mbali.

Hakubahatisha. Walimu wake, Michallon na Bertin, walikuwa wanafunzi wa Valenciennes, ambaye katika kitabu chake cha 1800 aliwaonya wachoraji wa nje wasizidishe saa mbili katika zoezi moja, kwa sababu jua linahama na vivuli vinahama nalo. Machi 1826 Corot alichora mandhari tatu kutoka bustani za Farnese, hapo hapo Roma, kila moja kwa saa yake ya siku, akirudi pale pale mwanga uleule ukirudi. Wakati huo rangi za mafuta zilibebwa katika vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Tyubu ya bati ilikuja 1841. Kwa vifaa hivyo, kubeba rangi chache na kuzipima vizuri kulikuwa na faida kuliko kubeba nyingi.

Katika maandishi yake Corot aliweka umbo kwanza, halafu viwango vya mwanga na giza, rangi ikafuata nyuma. Wengi wetu tunaanzia mwisho, tukashangaa mbona michoro yetu inang'aa lakini haina jua.

Mchoro uko kwenye jumba la makumbusho la Beauvais, Ufaransa. Ukiipata picha yake kwenye simu, ifanye nyeusi na nyeupe kabla ya kusoma chochote juu yake. Utaona karibu hakuna kilichopotea.